Kokwa 14 mfukoni mwa mume wangu

Yaya mpendwa,

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Mume wangu ana miaka 61. Alikuwa fundi wa mashine, sasa yuko kwenye pensheni. Miaka 2 iliyopita alianza kuamka usiku mara 4, mara 5, kwenda kukojoa. Maji alikuwa anakunywa kama mtu aliyeshinda shambani mwezi wa 10 kabla ya mvua, na suruali zikaanza kumpwaya. Tulipompeleka kupima, sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote ilikuwa 268 (mg/dl). Munganga, yaani daktari wake, akampa vidonge vya metformini, na miezi michache baadaye akaongeza glibenklamidi.

Nasema ukweli, alipokea habari ile kiume. Pombe aliacha. Sukari ya chai aliacha siku ileile, yeye ambaye kila kikombe kilikuwa na vijiko 2 na vikombe vilikuwa 3 kwa siku. Asubuhi tukawa tunaona 140, 135, siku nyingine 128. Tukamshukuru Mungu.

Kisha akaja wifi yangu. Yeye ni mfanyabiashara, anapita Kasumbalesa kwenda hadi Dar es Salaam kuchukua vitu. Mwezi wa 6 alirudi na katoni ya tende na mfuko wa zabibu kavu, akamwambia kaka yake: "Hii ni sukari ya Mungu, haijapita kiwandani, haiwezi kukudhuru." Mume wangu alifurahi kama mtoto. Tangu siku hiyo anatumbukiza tende ndani ya chai. Zikilainika anazila, na chai anaimaliza. Zabibu anazimwaga kwenye uji. Jioni baada ya bukari (ugali) anakaa uani na redio yake, mkono unaingia mfukoni, unatoka, unaingia tena.

Mwanetu wa kwanza, ambaye amesoma, anamwambia baba yake kwamba sukari ni sukari, hata tende moja ni sumu. Wifi naye anasema kijana huyu anataka kumnyima baba yake hata tunda. Mimi nimebaki katikati. Mwezi uliopita asubuhi zilikuwa 178, 169, 184. Jioni moja, muda mfupi baada ya kukaa na tende zake, mashine ya kupimia sukari ilisema 231. Nilipiga kelele, nikaenda kuficha katoni juu ya kabati. Juzi nikawa nafua koti lake, nikakuta mfukoni kokwa 14 za tende. Ni za siku moja, Yaya, maana koti lile lilikuwa limetoka kwenye kamba jana yake tu. Nilikaa chini nikalia. Miaka 33 ya ndoa hajawahi kunificha kitu.

Kuna na lingine. Wiki 3 zilizopita alitoka kwenye matanga, hakuwa amekula tangu asubuhi lakini vidonge alikuwa amemeza. Akaanza kutetemeka, jasho baridi, maneno hayaeleweki. Mashine ikasema 58. Kwa kuwa nilisikia tende ni sukari, nikampa tende 4. Tulisubiri sana mpaka akarudi sawa. Nilidhani ananifia.

Nieleze basi. Tende ni dawa au ni sumu? Zabibu je? Na yale maembe na mananasi makavu ya pakiti, ambayo mwanangu anasema heri hayo? Wifi anarudi kabla ya Noeli na ameshapiga simu kwamba analeta katoni nyingine. Nimwambie nini bila kuvunja undugu?

Mama wa Katuba

•

Mama,

Pole kwa usiku ule, na pole kwa kokwa zile. Nimefanya uuguzi kwa wagonjwa wa sukari miaka mingi, na barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza habari za tende, lakini naomba nianze na ile 58. Asubuhi za 178 zinaharibu mwili pole pole. 58 inaweza kumwangusha mtu jioni hiyohiyo.

Sukari ikishuka chini ya 70 ni hatari, na mtu anahitaji kitu kinachofika kwenye damu haraka. Tende haifiki haraka. Ina nyuzinyuzi, inataka kutafunwa, inatoka tumboni taratibu. Ndiyo maana mlisubiri sana. Siku nyingine chukua vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari nyeupe, koroga ndani ya maji nusu glasi, anywe yote. Au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Hapo amepata kama gramu 15. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado haijafika 70, rudia. Ikishapanda, ale chakula cha kweli, bukari au mkate na kitu cha kuteremshia. Na ukimkuta hajitambui, usimtie chochote mdomoni, si sukari wala maji. Mlaze ubavu na mkimbilie hospitali.

Kilichomshusha siku ile ni glibenklamidi kukutana na tumbo tupu. Metformini peke yake ni nadra kumshusha mtu hivyo. Lakini glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, awe amekula au hajala, na nguvu yake inakaa mwilini saa nyingi. Kwa hiyo hata akirudi sawa jioni, anaweza kushuka tena usiku, na inafaa umpime kabla ya kulala. Naomba jambo hili mlipeleke kwa munganga wiki hii, msingoje siku ya miadi. Mwambieni: alikuwa na 58, alikuwa hajala, alikuwa amemeza vidonge. Anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Ninyi wenyewe msiiache wala msiikate nusu.

Matanga ya kwetu mnayajua. Chakula kinatoka saa inayotoka. Katika koti lile lile ulilolifua, muwekee vipande 4 vya sukari kwenye karatasi. Ndiyo, sukari nyeupe ile ile aliyoiacha. Si ya kula kwa hamu, ni ya siku ya kutetemeka.

Sasa tuje kwenye kokwa. Umenipa hesabu nzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu wagonjwa wengi wakiulizwa "unakula tende ngapi?" wanajibu "chache tu". Wewe una 14.

Tende ndogo za kawaida, zile ambazo katoni zake hujaa sokoni, kila moja ikitolewa kokwa ina nyama ya gramu 8 hivi, na ndani yake sukari kama gramu 5. Kijiko cha chai cha sukari, kikisawazishwa, ni gramu 4. Ukizidisha 5 kwa 14 unapata gramu 70, yaani vijiko kama 17. Alipokuwa anaweka sukari kwenye chai alikuwa anatumia vijiko 6 kwa siku. Aliacha 6 kwa uchungu, kwa moyo wa kiume kama ulivyosema, akapokea 17 bila kujua, na zabibu za kwenye uji bado sijazihesabu. Kama tende za wifi ni zile kubwa, nene, laini, zinazojaa kiganja zikiwa 3 tu, basi moja yake ina gramu kama 16 za sukari, vijiko 4. Hapo hesabu inatisha zaidi. Zitazame ujue ni zipi.

Kuzitumbukiza kwenye chai hakupunguzi kitu. Sukari inayotoka kwenye tende inaingia kwenye kikombe, na kikombe anakimaliza.

Nataka umweleze mumeo jinsi tunda kavu linavyotengenezwa, kwa sababu yeye ni fundi na fundi anaelewa kitu akionyeshwa kilivyoundwa. Mwambie achukue embe. Lile la kwenye mti wa uani, mvua zikishaanza. Nyama yake tuseme ni gramu 200. Katika hizo, gramu 165 na zaidi ni maji, na sukari ni kama gramu 27. Ukilikata vipande ukalikausha, yanayoondoka ni maji tu. Sukari inabaki yote, imekusanyika ndani ya vipande vinavyotosha kiganja. Embe bivu moja linashibisha, juisi inatiririka hadi kwenye viwiko, unanawa, unaondoka. Embe kavu, mtu anakula mawili, matatu, huku anaongea, na tumbo halijasema kitu. Zabibu ni vilevile: vijiko 2 vya kulia chakula vya zabibu kavu vina wanga gramu 15, sawa na tunda zima dogo. Na hakuna mtu anayemwaga vijiko 2 tu kwenye uji, ambao wenyewe ni wanga. Wanga, kwa asiyelijua neno hili, ni ile sehemu ya chakula inayogeuka sukari mwilini: bukari, mkate, wali, viazi, ndizi, tunda, sukari yenyewe.

Wifi yako hakusema uongo wote. Mwaka 2011 watafiti wa Falme za Kiarabu, nchi ambayo tende ni chakula cha kila siku, walichapisha vipimo vya aina 5 za tende walizowapa watu wazima na afya zao na watu wenye sukari. Kuna kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari, ambacho glukosi tupu inapewa 100. Tende zile zilipata kati ya 43 na 55, katika watu wenye afya na katika wagonjwa pia. Hiyo ni kasi ya chini hadi ya wastani, na kuna vyakula vingi vya mezani kwetu vinavyoizidi. Kwa hiyo anayesema tende moja ni sumu, hata kama ni mwanao aliyesoma, amepitiliza.

Lakini kasi hiyo ya chini haitokani na kwamba tende haikupita kiwandani. Inatokana na mambo mawili. Kwanza, nyuzinyuzi zinazochelewesha. Pili, sukari ya tende, kama nusu kwa nusu, ni glukosi na fruktosi, na fruktosi inapita kwanza kwenye ini, kwa hiyo mashine ya kidole haiioni sana. Ile nusu nyingine, glukosi, ni ileile inayosomwa na mashine. Damu haiulizi kama ilitoka kwenye mtende au kwenye muwa, na muwa nao ni wa Mungu. Halafu kipimo cha kasi kinafanywa kwa tende zilizopimwa kwenye mizani, watu wamekaa wanachunguzwa. Hakisemi chochote kuhusu mkono unaoingia mfukoni jioni nzima. Mtu anaweza kwenda polepole akafika mbali sana, na gramu 70 ni mbali.

Sasa bukari, ambayo hujaniuliza. Mama, katika nyumba nyingi za mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi ninazozijua, bonge la bukari la baba lina ukubwa wa ngumi 2 au zaidi, na wanga wake unazidi kwa mbali ule wa tende 5. Mumeo anakula bonge hilo, kisha tende juu yake. Kama angekuja mbele yangu ningeanza kupunguza bukari kabla sijagusa tende. Bonge liwe ngumi moja. Matamba (majani ya muhogo) yawe mengi, maharagwe yawepo, samaki awepo. Na aanze na matamba na samaki, ale hivyo dakika kadhaa, ndipo amege bukari. Chakula kikiingia kwa mpangilio huo sukari haipandi sana kama pale wanga unapotangulia. Akimaliza, redio iende naye. Atembee dakika 15 mpaka barabara kubwa na kurudi badala ya kukaa uani. Misuli inayotembea inakula sukari.

Munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, pia uihesabu. Ikiwa tamu, ni sukari.

Tende basi ale ngapi? Kwa mtu kama yeye, ambaye asubuhi zake ziko 170 na 180, ningesema kwa sasa 2 kwa siku za zile ndogo, au nusu ya ile kubwa, na zabibu zitoke kabisa kwenye uji. Tende hizo 2 zisiliwe asubuhi na mapema pamoja na chai tupu. Ziliwe baada ya chakula cha bonge lililopunguzwa, au saa 10 mchana pamoja na kiganja cha karanga zisizo na chumvi nyingi, au kipande cha avoka. Mafuta na protini za karanga zinaifanya sukari iingie taratibu, na zaidi ya hayo zinashibisha, mtu hatafuti ya tatu. Siku anayokula embe bivu, tende zipumzike. Papai, mapera, masuku ya msimu, machungwa, haya yote aendelee nayo, kipande kimoja kwa wakati, bila kuyafanya juisi.

Lakini namba yangu ya 2 ni ya kuanzia. Miili haifanani. Anayejua ni mashine yenu, na najua vijiti vyake vya kupimia ni ghali, kwa hiyo tumieni 6 tu kwa kazi hii. Siku moja apime kabla ya bukari ya jioni, ale bila tende, apime tena saa 2 baada ya kuanza kula. Siku nyingine chakula kilekile, bonge lilelile, na tende 2 baadaye, apime vilevile. Siku ya tatu bonge dogo zaidi na tende 2. Aandike. Kwa watu wazima wengi tunataka 80 hadi 130 kabla ya kula, na chini ya 180 saa 2 baada ya kuanza kula. Munganga wake anaweza kumwekea mipaka mingine kulingana na umri na hali yake. Fundi wa mashine akiona kwenye daftari lake mwenyewe kwamba kwa tende 2 na bonge dogo anabaki 165, na kwa bonge kubwa anapaa 220, hatahitaji kelele za mtu.

Kabla ya kuchoma kidole anawe mikono kwa maji na sabuni, akauke. Hili si la usafi tu. Tende inanata. Ukiwa umetoka kuigusa, sukari iliyobaki kwenye ngozi inaingia kwenye tone la damu na mashine inasoma juu kuliko ukweli. Ile 231 ya jioni, naomba usiitupe lakini pia usiiamini sana mpaka nijue kama alinawa. Zile asubuhi za 178 na 184, hizo nazisadiki, kwa sababu zimefuatana.

Kuna watu nisiowaruhusu hata hizo 2 kabla ya kuongea na daktari. Tende na zabibu zina potasiamu nyingi, na figo iliyochoka inashindwa kuitoa. Kama mumeo amewahi kuambiwa figo zake zina shida, au miguu inavimba, aulize kwanza. Kama hajawahi kupimwa figo tangu aambiwe ana sukari, aombe kipimo hicho, na pia kile cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi 3. Hicho cha miezi 3 hakidanganywi na siku moja ya kujizuia. Lengo kwa wengi ni chini ya asilimia 7. Na meno: tunda kavu linagandamana kwenye fizi, na fizi za mgonjwa wa sukari huoza upesi. Asukutue.

Maembe na mananasi ya pakiti anayoyasifu mwanao, mwambie ageuze pakiti asome nyuma. Kama kwenye vilivyomo kuna neno «sucre» (sukari) au «sirop de glucose» (sharubati ya glukosi), basi tunda hilo limeongezwa sukari, na nanasi la namna hiyo ni peremende. Kama limeandikwa nanasi tu, bado atazame mstari wa «glucides» (wanga) kwa gramu 100. Atakuta 70 na kitu, wakati mwingine karibu 80. Hapo atakuwa ameelewa kwamba pakiti yake na katoni ya shangazi yake ni ndugu.

Wasomaji wangu Waislamu wa hapa mjini huniuliza jambo hili kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia, na bora niseme leo. Kufuturu kwa tende si kosa kwa mwenye sukari, mradi daktari amemruhusu kufunga. Wengi huzila kwa witiri, yaani hesabu isiyogawanyika kwa mbili, na 1 ni witiri kama 3. Moja, maji, mswaki, sala, kisha chakula. Na mchana mashine ikisema chini ya 70 au zaidi ya 300, unafungua saa hiyo hiyo.

Nirudi kwako, Mama. Naona hukulia kwa ajili ya tende, ulilia kwa sababu amekuficha. Lakini tazama mambo yalivyofuatana: kwanza alikuwa anakula uani, mbele yako, na redio. Kisha ukapiga kelele, katoni ikapanda juu ya kabati. Ndipo mfuko ukawa ghala. Sisemi hivi kukulaumu. Mtu mzima aliyeacha pombe, akaacha sukari, akaambiwa na dada yake kwamba amepata kitu kimoja kitamu kisichomdhuru, kisha anaambiwa na mwanawe kwamba ni sumu, anajisikia amenyang'anywa utu wake. Mgonjwa wa sukari anaishi na hapana kila siku, mezani, harusini, kanisani. Mume wako anahitaji ndiyo moja.

Mpe hiyo ndiyo ya tende 2. Teremsha katoni. Chukua kopo la glasi, hesabu humo mbele yake: tende 14 kwa wiki nzima. Ndiyo, 14 zilezile, safari hii kwa siku 7. Nyingine gawa kwa wajukuu na majirani. Weka kisahani karibu na mashine ya sukari, na kokwa zilale humo, si mfukoni, mpaka Jumapili. Yeye ndiye azihesabu. Wewe usizihesabu, hata kwa jicho. Mwambie ulivyojisikia siku ile unafua, mwambie mkiwa wawili, bila kijana na bila wifi, na usianze na sukari. Anza na miaka 33.

Kwa wifi, mpigie wewe, usimwachie mwanao. Mshukuru kwa ile katoni, maana alibeba mzigo ule mpakani kwa kumpenda kaka yake. Mwambie kuhusu 58, kwa sababu nadhani hajui, na mwambie kuhusu vijiko 17. Dada akisikia hayo hatagombana na wewe. Kisha mwambie safari hii, badala ya tende, apite duka la dawa kule Dar es Salaam amletee kaka yake vijiti vya kupimia. Umtajie jina la mashine kama lilivyoandikwa mgongoni mwake, herufi kwa herufi, kwa kuwa vijiti vya mashine nyingine havitaingia, na aangalie tarehe ya mwisho kwenye boksi kabla hajalipa.